Kiungo cha Cheni ya Pikipiki: Namna ya Kukichagua na Kukifunga kwa Usalama



Majira ya kuchipua yanapoingia hapa Sundbyberg huwa tunayatambua kwa masikio kabla ya macho. Miti ya Duvbo haijatoa hata jani moja, tayari mopedi na pikipiki zilizolala chini ya maturubai tangu Oktoba zimefunuliwa, na jioni ya kwanza yenye jua vijana wetu wa Rissne na Hallonbergen husikika wakizijaribu. Wakati huohuo kokoto zilizomwagwa barabarani wakati wa barafu ili watu wasiteleze hazijafagiwa zote, na chumvi ya miezi ya baridi imekwisha kufanya kazi yake juu ya kila chuma kilichosahauliwa bila mafuta. Kwa sababu hiyo tumeona kwamba huu ndio mwezi unaofaa kuzungumzia kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukipi hata nukta ya fikira, nacho ni kile kiungo kimoja kinachozikutanisha ncha mbili za cheni.

Twakiri mapema kwamba hatuandiki haya kwa sababu ya ujuzi mkubwa wa ufundi. Sisi tulifundisha fizikia, na mikono yetu ilizoea chaki zaidi ya spana. Tunayaandika kwa sababu tulikosea, na kosa letu likamwumiza mtu asiyehusika.

Mpwa wetu anaendesha bodaboda Muheza, mkoani Tanga. Kwa wasioijua njia yake, abiria wake wengi huelekea upande wa Amani, huko milimani, ambako barabara hupanda kwa makona na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Cheni huko hazidumu. Akatulalamikia kwamba zile alizozipata sokoni zilikuwa feki, zikivutika kama mpira baada ya wiki chache tu, akatuomba tumtafutie moja ya kuaminika huku Ulaya. Tukaenda dukani, tukauliza, tukanunua cheni nzuri ya namba 428H pamoja na kiungo chake ndani ya pakiti. Kisha tukajiona werevu: tukataka na kiungo cha akiba. Muuzaji hakuwa na kingine cha aina ileile, akatoa cha kiwanda kingine chenye namba 428. Tukakipokea. Tulisema moyoni kwamba 428 ni 428, na ile herufi H tukaidhania kuwa pambo la kibiashara. Mzigo ukasafiri katika sanduku la msamaria mwema aliyekuwa akienda likizo.

Yaliyofuata tuliyasikia baadaye. Siku ya kuifunga cheni, klipu ya kiungo halisi iliruka ikapotelea majanini. Mpwa wetu hakuhangaika sana, kwani mjomba alikwisha kuleta cha akiba. Lakini kiungo hicho cha akiba kilikataa kukaa: mifuo ya pini, yaani vile vijia vyembamba ambamo klipu hukamata, haikutokeza nje ya kibamba. Yeye na fundi wake wakachukua tupa. Wakalipunguza unene kibamba, wakayapanua na matundu yake kidogo ili kipite kwa urahisi, hatimaye klipu ikaingia, ingawa kwa shida. Pikipiki ikafanya kazi siku 11. Siku ya 12, ikipanda mlima na abiria mmoja, mama muuza ndizi aliyekuwa akirejea kwake, kiungo kiliachia. Cheni ikajikusanya kwenye sproketi ya mbele kama uzi uliotatizana, gurudumu la nyuma likagoma ghafla, na wote wawili wakawa chini. Mpwa wetu alichubuka. Yule mama alivunjika mtulinga, akakaa miezi miwili bila kuweza kujitwisha mkungu wake kichwani.

Ujumbe wa sauti uliotufikia ulianza kwa adabu zote. «Shikamoo mjomba,» alisema, kisha akanyamaza kidogo. «Ile cheni yako imetuangusha.»

Tulilipia matibabu, na mazao ya miezi miwili tukayafidia kadiri tulivyoweza. Kiungo chenyewe, kwa ombi letu, kililetwa huku, nacho kipo mezani tunapoandika.

Basi na tukitazame.

Cheni ya pikipiki ni jamii ileile ya cheni aliyoisajili Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Imejengwa kwa pingili mbili zinazopokezana kama pingili za muwa: pingili ya ndani, yenye vibamba viwili, bushi na rola zinazozungukia juu ya meno ya sproketi, na pingili ya nje, yenye vibamba viwili vilivyoshikwa na pini mbili. Kwa kuwa zinapokezana ndani na nje, cheni ya pikipiki huwa na idadi shufwa ya pingili: 116, 118, 120. Mwenye kuhesabu akapata witiri ahesabu upya kabla hajakata kitu. Kiwandani kila pini hugongwa kichwa isitoke tena. Lakini cheni lazima ifunguliwe mahali fulani ili ipite katika mkono wa gurudumu la nyuma, na mahali hapo ndipo panapokaa kiungo cha kufungia: pini mbili zilizokwisha kushikamana na kibamba kimoja, kibamba cha pili kilicho huru, na kitu cha kukizuia kibamba hicho kisitoke. Pingili nyingine zote zimefungwa na mashine. Hii moja tu inafungwa na mimi na wewe.

Namba zilizopigwa muhuri ubavuni mwa vibamba zina maana, wala si siri ya mafundi. Tarakimu ya kwanza hutaja umbali kutoka pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi. Namba inayoanza na 4 ina maana ya sehemu 4 kati ya 8, yaani nusu inchi, sawa na milimita 12.7, inayoanza na 5 ni sehemu 5 kati ya 8, sawa na milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata huonyesha upana wa ndani, pale jino la sproketi linapoingia: cheni ya 420 ina upana wa milimita 6.35, na ya 428 ina 7.94. Mopedi nyingi zenye gia zinazoendeshwa na vijana wetu hapa hutumia 420. Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki hutumia 428. Pikipiki kubwa hutumia 520, 525 au 530. Skuta nyingi hazina cheni kabisa. Huendeshwa kwa mkanda, na mwenye skuta ya namna hiyo anaweza kuligeuza gazeti hili ukurasa wa pili akasome mapishi.

Sasa ile H. Herufi hiyo hutaja vibamba vizito zaidi. Katika 428 ya kawaida kibamba kina unene wa takriban milimita 1.5, katika 428H ni takriban milimita 2. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa jicho la mtu wa umri wetu, lakini hesabu yake ni rahisi kama ya darasa la tano. Pini za kiungo cha 428 zimekatwa kwa urefu wa kupita katikati ya vibamba viwili vya ndani vya milimita 1.5 kila kimoja. Ukiziingiza katika cheni ya 428H, zinakutana na vibamba viwili vya milimita 2. Nusu na nusu ni milimita nzima iliyopungua, na milimita moja ni karibu unene wa klipu yenyewe. Ndiyo sababu mifuo haikutokeza. Kiungo kilikuwa kikimwambia mpwa wetu, kwa lugha pekee kinayoijua, kwamba si cha cheni ile. Tupa ikamnyamazisha msema kweli.

Hapa pana fundisho la fizikia ambalo hatukulitoa kwa wakati. Nguvu yote ya injini, na ya abiria wote waliopakiwa (wengine, kama tujuavyo, hupakiwa kwa mtindo wa mshikaki, wawili au watatu nyuma), hupita katika kila pingili kwa zamu. Kibamba cha kiungo kinapobana sawasawa kwenye pini, pini zote mbili huvutwa zikiwa zimeshikwa pande mbili, kushoto na kulia. Matundu yakipanuliwa, kibamba hucheza. Pini hubaki zimeshikwa upande mmoja tu, zikapinda kidogo kidogo kila zikivutwa, na klipu, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo bali kuzuia kibamba kisitoke, huanza kusukumwa kutoka ndani. Tumeipima pini ya mezani kwetu kwa kuilaza kwenye kioo: imepinda. Kwa hiyo tusitafute tupa, wala kuchi, wala nyundo ya kulazimisha. Kibamba kikikataa, chanzo ni kimojawapo kati ya viwili: ama kiungo si cha cheni hiyo, ama kimetengenezwa makusudi kiingie kwa kubanwa, na hicho kinadai kifaa chake.

Kanuni ya kuchagua, basi, ni fupi. Kiungo kiwe cha kiwanda kilekile na cha toleo lilelile la cheni, si namba tu. Viwanda hutofautiana katika unene wa pini na urefu wake hata pale namba zinapolingana herufi kwa herufi. Cheni mpya zilizo nzuri huja na kiungo chake ndani ya pakiti. Tusikiache kikapotea, na tukitaka cha akiba tununue siku ileile pale pale. Kilichokwisha kufunguliwa kisirudishwe. Klipu iliyopanuliwa mara moja hupoteza ukakamavu wake, na pini ya ribiti iliyosagwa kichwa haina tena cha kugongwa.

Kwa wanaonunua hapa Stockholm, tuongeze neno la lugha. Waswidi hukiita kiungo hiki *kedjelås*. Kwa bahati mbaya neno hilohilo ndilo la mnyororo wenye kufuli wa kuzuia wezi, na mzee mmoja wa jumuiya yetu alirudi nyumbani na mnyororo wa kilo tatu ambao kwa hakika ulikuwa mzuri, ila haukuwa na kazi. Tajeni namba ya cheni na jina la kiwanda, mtaeleweka. Kiungo cha klipu huitwa *clipslås*, na cha ribiti *nitlås*; kifaa cha kukatia na kugongea ni *kedjeverktyg*. Bei ya kiungo kimoja cha mopedi mara nyingi haizidi ile ya kahawa na andazi la mdalasini mkahawani, na kwa bei hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Aina ni mbili kuu. Ya kwanza ni ya klipu, ile yenye kibanio chembamba cha chuma chenye umbo la samaki. Inafaa kwa mopedi, kwa pikipiki ndogo za kazi kama bodaboda, na hata kwa nyingi za mashindano ya porini, kwa kuwa hufunguka upesi kwa kutumia koleo tu. Ya pili ni ya ribiti: pini zake zina ncha yenye tundu ambayo hutanuliwa kwa kifaa maalumu mpaka ikawa kichwa kisichoweza kurudi. Pikipiki kubwa za barabarani huhitaji hii, na kitabu cha pikipiki kikisema ribiti, basi ni ribiti. Tumesikia vijana wenye leseni ya A2 wakijadili kama klipu «itavumilia» kwenye pikipiki ya nguvu ya kilowati 35. Mjadala huo ulikwisha kuamuliwa na waliounda cheni, na jibu lao limeandikwa kwenye pakiti. Ama vijana wa miaka 15 wenye leseni ya AM, ambao wengine wao huzichokonoa mopedi zao zipite kilomita 45 kwa saa zilizoruhusiwa, tunawakumbusha tu kwamba polisi si pekee watakaogundua. Cheni nayo itagundua.

Tueleze sasa namna ya kufunga kiungo cha klipu, kwa utaratibu tulioujifunza baadaye kutoka kwa fundi mwenye subira.

Injini izimwe na ufunguo utolewe mfukoni, si uachwe mahali pake. Hili tunalisema kwa uzito. Wapo watu duniani wasio na ncha za vidole kwa sababu waliamua kusafisha au kupaka cheni mafuta huku injini ikizungusha gurudumu. Kitambaa hunaswa, kidole hufuata, na sproketi haina huruma. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, pikipiki ikiwa imesimama juu ya stendi. Macho yakingwe kwa miwani ya kazi, maana klipu ikiponyoka huruka kama panzi, na ile ya Muheza haijaonekana hadi leo.

Ncha mbili za cheni ziletwe juu ya sproketi ya nyuma, kila moja ikalie jino lake. Meno hayo yatashikilia cheni mahali pake, na mikono yote miwili itakuwa huru. Kama cheni ni ya pete za mpira, ndani ya pakiti zimo pete nne ndogo na kipakiti cha grisi. Grisi hiyo si anasa: ndiyo mafuta pekee ambayo pini hizo zitayapata maisha yao yote, kwani pete zikishabana hakuna linaloingia wala kutoka. Pini zipakwe kwa ukarimu, pete nazo. Pete mbili zivishwe kwanza, kiungo kiingizwe kutoka upande wa gurudumu kuja nje, ili klipu iwe upande tunaoweza kuuona, kisha pete mbili zilizobaki, kisha kibamba, maandishi yake yakitazama nje. Tumeshuhudia pete mbili za mwisho zikisahaulika mezani. Mwenye kusahau huona kibamba kimeingia kwa wepesi wa ajabu, akafurahi. Mchanga nao humshukuru.

Kibamba kinachobana kisukumwe sawasawa pande zote mbili kwa kifaa chake, mpaka mifuo ya pini zote mbili itokeze kikamilifu. Kisukumwe mpaka hapo, kisizidi. Kikisukumwa kupita kiasi, pete hupondeka na kiungo huwa kigumu.

Halafu klipu. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lao halionekani siku ya kwanza. Klipu ina kichwa kilichofumba na mkia uliogawanyika, kama samaki. Samaki huogelea kwa kutanguliza kichwa. Kichwa cha klipu kielekee kule cheni inakokwenda. Kumbukeni kwamba injini huivuta cheni kwa upande wa juu, kutoka nyuma kuja mbele. Kwa hiyo kiungo kikiwa upande wa juu, kichwa cha samaki kitazame mbele ya pikipiki, na kikiwa chini, kitazame nyuma. Mkia ukitangulia, kokoto moja iliyorushwa na tairi, kijiti, au ukingo wa kifuniko cha cheni unaweza kuugonga na kuisukuma klipu itoke katika mifuo yake. Ndiyo maana tulitaja kokoto za Sundbyberg mwanzoni, na njia za Amani hazikosi zake. Kuifunga, taya moja ya koleo ikae kwenye kichwa cha klipu na nyingine kwenye pini ya upande wa mkia, kisha ibanwe taratibu mpaka isikike «tak». Isiposikika, tazameni tena. Klipu lazima ikae bapa, ndani ya mifuo yote miwili, isiweze kuchezeshwa kwa ukucha. Hatimaye kiungo kikunjwe kwa vidole: kikunjike kwa wepesi uleule wa jirani zake.

Kuhusu ribiti tutasema machache, maana ni kazi inayodai kifaa na kipimo, na asiye navyo ampelekee mwenye navyo. Kiungo cha zamani hakifai kusukumwa kwa nguvu. Vichwa vya pini husagwa kwanza mpaka visawazike na kibamba, ndipo pini zitolewe. Kiungo kipya, baada ya kibamba kubanwa mpaka upana wake ulingane na wa pingili jirani (pimeni, msikisie), hutanuliwa ncha za pini kidogo kidogo, huku kipenyo cha kila kichwa kikipimwa. Katika karatasi za cheni kadhaa za namba 520 na 525 tumeona kipimo cha kati ya milimita 5.5 na 5.8, lakini karatasi ya cheni yenu ndiyo hakimu. Kichwa kilichotanuliwa pungufu huachia, kilichozidishwa hupasuka. Mwanga mkali na kioo cha kukuzia vitaonyesha ufa kama upo, na ukiwapo kiungo hicho kitupwe, hata kama fundi amechoka na jua linazama. Nyundo isitumike. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini hawakupata kuona ribiti ya cheni iliyogongwa kwa nyundo ikipasuka katikati ya barabara kuu.

Kiungo kipya hakiwezi kuifufua cheni iliyokufa. Kule nyumbani ipo desturi ya kukata pingili mbili cheni inapolegea na skurubu za kukazia zikafika mwisho, kisha kuifunga tena kwa kiungo na kuendelea. Pingili zilizokatwa hazikuwa na kosa. Cheni nzima imerefuka kwa sababu pini na bushi zimelika. Pimeni: cheni mpya ya namba zinazoanza na 4, ikinyooshwa, ina milimita 254 kwa kila hatua 20 za pini hadi pini. Ikifika 259 hakuna mjadala, na vitabu vya pikipiki nyingine huweka mpaka mkali zaidi. Asiye na rula aivute cheni kwa nyuma, pale katikati ya sproketi kubwa. Ikiachana na sproketi hata nusu ya jino ionekane, wakati umefika. Na meno yaliyochongoka kama pezi la papa yataila cheni mpya upesi, kwa hiyo sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja nayo. Tunajua ni gharama. Tunajua pia kwamba mwenye bodaboda huhesabu siku kwa hesabu anayopaswa kumpelekea tajiri wake jioni, na si haki kumlaumu kwa kukata pingili ilhali sisi tunaokaa huku tunamtumia sehemu nusunusu.

Baada ya kufunga, cheni irekebishwe ilegee kadiri ya kitabu, mara nyingi kati ya milimita 20 na 35 ikisukumwa juu na chini katikati, na ipimwe pale inapokaza zaidi, kwani gurudumu likizunguka cheni haikazi kwa kiasi kimoja. Natu ya ekseli ikazwe. Kisha safari fupi, kurudi, na kuitazama klipu tena kabla ya kumpakia mtu. Kila siku ya kupaka mafuta iwe pia siku ya kuitazama klipu. Kwa cheni za pete za mpira tusisafishe kwa petroli wala brashi ya waya; mafuta ya taa na kitambaa hutosha, na hapa kwetu kabla ya kulaza pikipiki wakati wa baridi ipakwe mafuta vizuri, maana chumvi haisubiri Machi. Wenye kifuniko kamili cha cheni, kama baadhi ya pikipiki za Kihindi zinavyokuja, watafute kile kizibo cha mpira cha kuchungulia, wasikiache kifuniko kiwe kisingizio cha kutotazama. Wala wasikiondoe: khanga na dera za abiria wanaokaa upande zinakitegemea.

Mpwa wetu sasa ana cheni nyingine. Safari hii tulipeleka pakiti moja iliyofungwa, pamoja na viungo viwili vya akiba vya toleo lilelile, klipu nne, na sproketi mbili, vyote katika mfuko mmoja ulioandikwa namba kwa kalamu nene. Ndani tulitia na karatasi yenye mchoro wa samaki anayeogelea. Alituma picha ya klipu ikiwa mahali pake, kichwa mbele, na chini yake akaandika: «Mjomba, kagua.» Tulikagua. Tuliikuza picha mpaka tukaona mifuo yote miwili.

Kifaa cha kukatia na kugongea ribiti, pamoja na kipimo cha venia, tumevinunua kwa matumizi ya jumuiya. Anayevihitaji amwone mhariri baada ya mkutano wa mwezi, aje na cheni yake na pakiti yake. Asiye na pakiti aje pia, lakini ajiandae kwanza kwenda dukani. Na kama watajitokeza watu wa kutosha, tutaiomba ABF itusaidie kupata chumba kwa mzunguko wa masomo wa jioni chache. Tumeahidiwa na yule fundi mwenye subira kwamba atakuja na cheni mbovu za kutosha kila mmoja avunje yake.